Mashine ya Mjukuu wa Spika

Redio ya Mama Birika ilianza asubuhi na ajali za barabarani, ikapitia bei ya mafuta, kisha ikatua pabaya. Mtangazaji alisema wauguzi wa wodi za wazazi wanataka akina baba waruhusiwe kuingia humo, wavue mashati na kuwabeba vifuani watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, ngozi kwa ngozi, ili wapate joto. Mama Birika alikuwa akimimina chai. Akaongeza sauti ya redio kwa makusudi, maana chai yake huuzika zaidi watu wakigombana.

Spika akagonga bakora yake chini.

"Hoja imeingia," akasema.

Bunge lenyewe lilikuwa benchi moja refu mbele ya karakana ya Grisi, fundi pikipiki, kutazamana na geti la hospitali. Spika hakuchaguliwa na mtu. Alistaafu ukarani wa mahakama, akatoka na bakora na sauti, akaketi katikati ya benchi, na tangu hapo hajapatikana wa kumwambia sogea. Sheria aliyoitunga ilikuwa moja tu: anayeondoka kabla hoja haijafungwa, yeye ndiye hoja inayofuata. Sheria hiyo imewafanya wanaume wazima wabane mikojo mpaka jua la utosi.

Mwisho kabisa wa benchi, kwa tako moja, alikaa Wembe. Huyu alikuwa kinyozi, na alikuwa amemwoa kitinda mimba wa Spika. Mkwe hakai katikati. Mkwe hukaa pembeni, huitikia "ndiyo, Baba", na hucheka mzee anapocheka. Lakini leo Wembe hakuwa na hamu ya kucheka. Alikuwa ameamka na mafua, koo linawasha, na upande wa pili wa barabara kulikuwa na mtoto wake, mwepesi kama kuku asiyenona, aliyekuwa akimngoja.

Hakuna aliyejua kijiweni kwamba mtoto humngoja yeye. Mkewe alikuwa amepasuliwa baada ya presha kupanda, akawa hawezi kukaa muda mrefu na mtoto kifuani. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki, na mama yake Wembe alikuwa bado njiani anakuja. Kwa hiyo kila asubuhi Wembe alivuka barabara, akaoga, akavua shati, na Sista, muuguzi wa wodi, akamfungia mtoto kifuani kwa kanga. Kijiweni aliaga kwamba anakwenda kunyoa wagonjwa. Benchi zima likaamini kuwa hakuna watu walionyolewa vizuri mjini kama wagonjwa wa hospitali ile.

Grisi ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza.

"Mimi nina swali, Mheshimiwa. Huyo baba akishambeba, atamnyonyesha na nini?"

Benchi likatikisika kwa kicheko. Grisi, alipoona amepata soko, akaongeza kwamba hawa manesi wameishiwa kazi, sasa wanawatafutia wanaume kazi zao. Leo vua shati, kesho utaambiwa uvae gauni.

"Kazi ya nesi ni mbili," Spika akafafanua. "Kushika trei na kugomba. Mambo mengine ni ya daktari."

"Wewe ulizalishwa na daktari?" Mama Birika akauliza bila kuinua macho.

"Mimi nilizaliwa na mama yangu."

"Na kitovu ulijikata mwenyewe?"

Spika akagonga bakora, akamkumbusha kuwa watoa huduma hawaruhusiwi kuchangia. Mama Birika akasema sawa, ila chai nayo ni huduma, inaweza kuahirishwa vilevile. Akaruhusiwa kuchangia.

Ndipo Spika akasimama, jambo alilolifanya kwa hotuba kubwa tu. Akasema yeye hazungumzi kwa kuhisi, anao ushahidi. Mjukuu wake amezaliwa kabla ya siku zake, na yuko pale ng'ambo, kwenye mashine ya kumpa joto. Mashine hiyo anaijua. Ilipozinduliwa alikaa safu ya mbele, akamwona kiongozi akikata utepe, na soda ilitolewa. Kila siku anapata habari kwamba mtoto ameongezeka.

"Nani kamwongeza? Nesi? Nesi ni mtu wa kupita hapo kufuta vumbi. Ni mashine, ndugu zangu. Teknolojia." Akageuka pembeni. "Mkwe, wewe ndiye unayechungulia ukienda kunyoa. Sema kweli. Mashine inafanya kazi?"

"Inafanya, Baba," Wembe akasema, kisha akakohoa.

Leo ina mafua kidogo, alitaka kuongeza. Mashine ya utepe aliifahamu vizuri. Iliunguza nyaya siku ya pili baada ya picha kupigwa, na sasa ilikuwa imefunikwa shuka, Sista akiiwekea mkoba wake juu. Lakini ungeanzaje kumwambia baba mkwe kwamba fahari yake ni meza? Na ungeanzaje kumwambia mbele ya Grisi?

Wembe akaitazama hospitali. Akienda, atamkoholea mtoto. Asipokwenda, mkewe atajilazimisha kuinuka na kidonda chake. Angalau aende akaseme. Akanyanyuka nusu.

"Mkwe," Spika akasema kwa upole wa hakimu, "hoja haijafungwa."

Wembe akakaa. Alijionea aibu kiasi kwamba masikio yalimwaka moto. Mtu mzima, mtoto wake anapoa ng'ambo ya barabara, na yeye anaogopa benchi.

Grisi alikuwa akieleza namna atakavyomfukuza nesi yeyote atakayemwambia avue shati, wakati geti lilipofunguka. Sista alitoka. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kandambili za wodini na miwani iliyoning'inia kifuani. Alinyoosha kiganja, lori likasimama, akavuka bila haraka.

"Baba Mtoto, unaningojesha nini? Mwenzako anataka kuinuka na nyuzi zake."

Wembe akasimama ajibu, na badala ya jibu ikatoka chafya. Sista akarudi nyuma.

"Hiyo imeanza lini?"

"Alfajiri, Sista."

"Basi leo humgusi. Mafua yako kwako ni kero, kwa yule ni kaburi." Akaligeukia benchi, akalikagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Nani mwingine hapa ni ndugu wa mtoto? Nataka mtu mwenye joto. Elimu si lazima."

Spika akarekebisha kola.

"Sista, mimi ni babu yake mzaa mama. Sielewi haraka hii. Mtoto si yuko kwenye mashine?"

"Mashine ipi, mzee?"

"Ile ya utepe."

"Ile naiwekea mkoba." Sista akamnyooshea Wembe kidole. "Mashine ya mjukuu wako ni huyu. Imeharibika leo asubuhi."

Mama Birika akazima redio, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata siku za msiba. Spika akamtazama mkwe wake, na mkwe akatazama viatu.

"Kwa hiyo siku zote hizi, kule kunyoa wagonjwa..."

"Ndiyo, Baba."

"Kifua wazi?"

"Kifua wazi, Baba."

"Mbele ya binti yangu?"

"Mtoto mwenyewe alipatikanaje, mzee?" Mama Birika akauliza.

Sista hakuwa na muda wa kikao. Akamuuliza Spika kama anakohoa, kama anavuta sigara, kama ana upele, naye akajibu hana, hana, hana, kwa sauti iliyozidi kushuka. Akaambiwa afungue vifungo. Spika akakumbuka kuwa ndani amevaa fulana yenye matundu, akavishika vifungo kwa mikono miwili. Akasema yeye ni mtu wa heshima zake. Akasema amezaa watoto saba na hajavuka barabara hii kwa ajili yao hata mara moja, na wote wamekua. Akasema mambo haya ya wodini yana wenyewe.

"Baba," Wembe akasema.

Hakuwahi kumkatiza mzee huyu tangu siku ya posa.

"Akipoa husahau kupumua. Nimemwona kwa macho yangu. Anatulia tu, midomo inageuka rangi, mpaka Sista anamsugua mgongo ndipo anakumbuka. Akiwa kifuani hasahau. Nakuomba, Baba. Mimi leo siwezi."

Spika akaanza kufungua vifungo kuanzia juu, akakosea kimoja, akarudia. Fulana ilionekana na matundu yake yote, na hakuna aliyecheka.

"Ukifika huko uoge kwanza," Sista alimwambia wakivuka. "Na usihutubie. Mtoto anashtuka."

Walikuwa katikati ya barabara Grisi alipopata sauti.

"Mheshimiwa, hoja haijafungwa."

Spika hakugeuka. Bakora yake ilikuwa imebaki benchini, imeegemea mahali pake pa katikati.

Grisi akaichukua, akaipima uzito, akagonga chini. Akatangaza kuwa kwa mujibu wa sheria, hoja inayofuata ni mzee mmoja aliyeonekana akivuka barabara na fulana ya matundu. Wachangiaji walikuwa wengi. Mmoja alishauri mzee akatiwe utepe kabla hajaanza kazi. Mwingine akauliza kama mashine ya zamani kiasi hicho bado ina vipuri. Mama Birika aliuza mpaka birika likalia. Wembe hakuchangia. Alikuwa amewafuata, akasimama ng'ambo, getini, leso puani, akitazama dirisha la wodi, na machozi yaliyokuwa yakimtoka hayakuwa ya mafua peke yake.

Hatimaye dirisha likafunguliwa. Sista akatoa kichwa.

"Baba Mtoto, nyayo za mtoto zimepata joto, na mama yake amelala. Nenda kanywe kitu cha moto."

Wembe akashusha pumzi, akaegemea geti. Kule benchini, Grisi aliinua bakora juu agonge kufunga hoja.

"Na nyinyi wa benchi," Sista akaongeza, kidole mdomoni, "punguzeni makelele. Mashine imesinzia."

Grisi akaishusha bakora polepole, akailaza benchini mahali pa mwenyewe. Wakaondoka mmoja mmoja, kwa kunyata.