Kasuku Anayemsalimu Mwami

Bujumbura, mwezi wa sita 1967

Kwa Shefu wa Mtaa, Bwana Rachidi, mjukuu wangu, na mume wangu kwa utani wa kwetu,

Una miguu au huna? Kutoka ofisini kwako hadi uani kwangu kuku anafika bila kuchoka, nawe Idi mbili zimepita sijakuona. Mke wako wa kwanza, yaani mimi, umemtumia karatasi yenye muhuri. Mzee Radjabu, fundi cherehani, kanisomea, na ndiye anayeandika haya ninayoyasema. Nimemkataza kupunguza makali.

Karatasi yako inasema kasuku wangu Mapendo anapaza sauti "Ganza sabwa!" kila gari likipita, na hiyo ni salamu ya Mwami, mfalme wetu wa zamani, na Mwami hatuna tena, tuna Jamhuri. Unataka nimlete kwako kabla ya sikukuu ya Uhuru. Tunajua sote, polisi wako hawatamfunga, watamnyonga. Kwa heshima zote nasema apana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mapendo si mtu wa hapa. Wazazi wake ni kasuku wa kijani wa Amazoni, ng'ambo ya bahari. Hao wazazi niliachiwa na yule Mgiriki niliyempikia, siku alipofunga duka. Kadi ya chama hana. Kodi ya kichwa hajalipa, hata wakati wa Wabelgiji.

2. Unaandika kwamba nikimfundisha kusema "Vive la République", yaani idumu Jamhuri, utamsamehe. Mjukuu wangu, huku si kufuga kuku. Huyu nilimtoa ndani ya pipa alimotagia mama yake, hana hata nyoya moja, nikamlisha uji wa vuguvugu kwa kijiko nilichokikunja, kila baada ya saa chache, nikiuonja kwanza kwa mdomo wangu. Kasuku wa namna hiyo hushika maneno ya anayemlisha, na akiyashika hayaachi mpaka kufa. Kama Jamhuri inataka kusalimiwa, ije na kijiko.

3. Na nani alimlisha nilipolazwa na malaria mwezi mzima? Wewe. Ulikuwa unajizoeza kumpokea Mwami, shati jeupe, mkono mmoja kijiko, mwingine hewani, "Ganza sabwa! Ganza sabwa!" mpaka jirani Waridi akaja kuuliza nani amepata wazimu. Basi mwalimu wa mkosaji ni Shefu. Mfunge huyo kwanza.

4. Ukishajifunga, funga na mtaa wote, maana sote tulikuwa barabarani tunampigia Mwami makofi. Gélase muuza mikate alisimama juu ya baiskeli yake ili aonekane. Mwezi wa kumi na moja, Mwami alipopinduliwa, tukapiga makofi tena, kwa mikono ile ile. Hapo mtaani atabaki Mapendo.

5. Kwa hiyo naomba ushefu apewe yeye. Ndiye peke yake asiyebadili neno. Hongo hali, anakula njugu. Muhuri ataushika kwa mguu.

Msalimie mke wako mdogo, mwambie wivu sina, ila ampikie mume wetu, nasikia umekonda. Wasalimie watoto, na hata polisi wako. Mama zao nawajua wote.

Ni mimi bibi yako, Sikuzani, niliyekubeba mgongoni mpaka mgongo ukasema basi. Kidole gumba changu hicho hapo chini.

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, limepita gari lenu la matangazo. Mapendo kageuza kichwa, kasema "Vive la République!" wazi kabisa, bila uji, bila kijiko, bila kulazimishwa na mtu. Nimemnyima njugu kwa aibu. Kumbe naye ni mtu kama sisi! Sasa anazitoa salamu zote mbili kwa pumzi moja, na ya Mwami ndiyo inayotangulia. Sikukuu inakaribia na mimi sina usingizi. Basi Ijumaa njoo mwenyewe, bila polisi, upitie mlango wa jikoni. Hotuba usimpe. Keti naye, umlishe njugu kwa mkono wako, na kila njugu umwambie "Salamu aleikum" mpaka alishike, maana neno hilo sijasikia bado kama limepinduliwa.