Hakuna Msafiri Mwenye Huzuni

"Kuanzia Jumatatu ijayo, hakuna msafiri atakayeondoka Dar es Salaam akiwa na huzuni."

Tangazo hilo lilitolewa Kinondoni, mbele ya kamera, keki na matarumbeta, na Bwana Gozbert, Mkurugenzi wa Uzoefu wa Mteja katika Mamlaka ya Furaha ya Wasafiri. Madirisha ya tiketi za mabasi yangefungwa yote. Tiketi zingepatikana kwenye tovuti moja tu, Tabasamu Kwanza, na wapiga debe wangetafutiwa kazi nyingine inayolingana na sauti zao.

Gozbert aliiamini kazi yake. Alishahudhuria semina za kutosha kujua kwamba msafiri hanunui tiketi, ananunua hisia. Tiketi ni kiambatanisho. Kwa hiyo tovuti ilijazwa hisia. Ukiifungua inakupigia muziki. Halafu inakuonyesha pundamilia. Halafu inakuuliza umeamkaje, kisha inataka uitazame kamera ya simu utabasamu, ili mfumo uthibitishe kuwa uko tayari kusafiri. Tiketi yenyewe iko huko chini kabisa, wanakofika wachache wenye moyo na bando.

Wiki ya pili, mama mmoja muuza vitumbua kutoka Mtoni, jina lake Mwanaheri, aliingia ofisini kwa Gozbert simu mkononi, kaishika kama kaa la moto. Mlinzi alijaribu kumzuia, akashindwa.

Mkurugenzi hakumwamkia, ingawa mama alimzidi umri waziwazi. Alijua tovuti imeshamwamkia.

"Baba, mie nataka kwenda Kilwa," Mwanaheri akasema. "Binti yangu ameshikwa na uchungu alfajiri, uzazi wake wa kwanza, na kule hana mtu. Nimekwenda stendi, dirisha limefungwa. Wakaniambia niingie humu kwenye simu. Nimeingia. Sasa sitoki!"

"Hiyo ndiyo dhamira, mama. Mteja akishaingia, tunapenda abaki. Kitaalamu tunaita ukaaji."

"Nimeandika nataka tiketi. Unajua huyu mtu wenu kanijibu nini? 'Neno zuri! Je, umewahi kufikiria fukwe?'"

"Huyo si mtu. Ni Bi Karibu, msaidizi wa kidijitali."

"Basi mwambie Bi Karibu fukwe mie nimezaliwa nazo. Na hizi meseji nazo! 'Mwanaheri, umeacha kikapu chako, kinakulilia.' Kikapu gani? Mie sijaacha kikapu pahala popote!"

Gozbert akaona raha moyoni. Meseji hiyo aliitunga mwenyewe, na sasa alikuwa anamwona mlengwa akiwa ameguswa. Akaipokea simu kwa ukarimu, akapita pundamilia, akapita muziki, mpaka ikabaki hatua ya uso.

"Cheka kidogo, mama."

"Mwanangu yuko leba, nicheke nini?"

"Ni kwa ajili ya mfumo."

Mwanaheri akaonyesha meno. Mfumo ukatafakari, kisha ukaandika: *Furaha haijatosha. Jaribu tena ukimkumbuka umpendaye.* Mama wa watu akamkumbuka, machozi yakamshuka. Mfumo ukayachukulia kuwa machozi ya furaha, ukamletea tangazo la fungate Zanzibar, chai ya asubuhi bure.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "huwezi kuniandikia kikaratasi tu, nikapanda?"

Angeweza. Kalamu ilikuwa pale mezani. Na si kwamba Gozbert alikuwa na moyo wa jiwe. Naye ana mama Muleba. Lakini kitaalamu, hatua zile zote zinaitwa safari ya mteja, na kikaratasi kingeivunja. Mkurugenzi hakutaka kumvunjia mtu safari.

"Tuuheshimu utaratibu, mama."

Mwanaheri akasimama. Akajaribu kuufunga ule ukurasa, ukagoma mpaka abonyeze nyota tano. Nyota pungufu hazikuwekwa, ili kumwepushia mteja usumbufu wa kuchagua. Akabonyeza, akatoka bila kuaga.

Kilichofuata Gozbert alikisikia kwa Tupokigwe, binti anayeiendesha tovuti, ambaye kesho yake alipigiwa simu na Mwanaheri, akatukanwa kipwani, yaani bila neno hata moja chafu. Mama yule alikwenda kusimama Barabara ya Kilwa mpaka lori la saruji likamchukua. Alifika jioni. Mjukuu kashazaliwa, kashavishwa nguo ya mtoto wa kitanda cha jirani. Mzazi kageukia ukutani, hataki kumtazama mama yake.

"Bosi, hii tuiweke wapi?" Tupokigwe aliuliza.

"Yeye mwenyewe alitoa nyota ngapi?"

"Tano."

"Basi iache hapo hapo, kwa walioridhika."

Mwisho wa robo mwaka ripoti ikapanda kwenye Bodi: wateja walioridhika, asilimia mia. Mwenyekiti wa Bodi, Mama Bernadeta, akaja Kinondoni mwenyewe. Gozbert alivaa suti mpya. Alishaanza hata kuutazama mlango wa Mkurugenzi Mkuu kwa jicho la mpangaji anayengoja mwenzake ahame.

"Bodi imeguswa sana," Mama Bernadeta akasema. "Hakuna mteja hata mmoja aliyenung'unika?"

"Hata mmoja, mheshimiwa. Malalamiko tumeyamaliza."

"Na idara yako iliundwa kumaliza malalamiko."

"Hakika."

"Na yamekwisha."

"Yamekwisha kabisa, mheshimiwa."

"Hongera. Basi idara tunaifunga leo. Mji usioungua unaajirije zimamoto? Wewe utaripoti Nangurukuru, kule Kilwa, ukasimamie vyoo vya abiria."

Tabasamu la Gozbert likabaki usoni, wakati yeye mwenyewe alishaondoka.

"Mheshimiwa, mimi... kwa heshima zote, mimi nina malalamiko."

Mama Bernadeta akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Utayapeleka wapi, Gozbert? Si ndiyo ofisi tuliyoifunga?"

Adhuhuri alitoka na boksi lake la vitu. Miezi yote ile alikuwa akipitia mlango wa nyuma, kwenye lifti. Siku hiyo lifti ilikataa kadi yake, akapita mbele. Huko akakuta korido imejaa watu kwenye benchi, wengine wamekaa chini na watoto, wengine na mifuko ya safari ambazo zilishawapita.

"Msogezeeni huyu braza," akasema Twaha, seremala wa Buguruni. "Karibu, kaa. Na wewe ni hii ishu ya tovuti?"

Gozbert akakaa, boksi mapajani.

"Ndiyo," akasema.

"Sie tunamsubiri Mkurugenzi. Tunakujaga kila siku, hatujawahi kumtia machoni. Ila leo lazima atoke."

"Ameshatoka," Gozbert akasema.

Benchi zima likadhani ni utani, likaangua kicheko, kwa mara ya kwanza tangu Mamlaka ianzishwe.