Safari ya Siri ya Milima ya Buluu

Jumatatu, 7 Julai 2008

Nimeazimia. Kabla likizo kubwa haijaisha, nitampeleka mke wangu Sylvie katika Milima ya Buluu. Tutalala chini ya turubai, tukitazama ziwa, kama watu wenye amani. Jana, akitwanga sombe, majani yetu ya muhogo, alisema kwamba tangu tuoane hajasafiri hata mara moja bila kukimbia vita. Maneno hayo yalinichoma. Mimi, Firmin, prefe mstaafu, mkuu wa sekondari miaka yote ile, msemaji wa kila arusi hapa mtaani Saio, Bunia, nimwache mke hivyo!

Sharti ni moja: siri kamili. Sylvie ashtuke kwa furaha. Na jirani yangu Liévin, muuza misumari, asinuse kitu. Mwaka jana nilipaka uzio wangu kijani. Haikupita Pasaka, wake ukawa kijani zaidi.

Jumanne, 8 Julai

Nimenunua turubai, kamba, chumvi, unga wa muhogo na bidoni ya maji. Muuzaji aliuliza ni vya nini. Niliweka kidole mdomoni kwa heshima, nikalipa. Akanitazama sana, kisha akafunga duka. Asubuhi! Uvivu umeingia katika biashara ya mji huu.

Kisha nikamwuliza Fiston, dereva wa pikipiki, kama barabara ya Bogoro, ile ya kwenda milimani, inapitika. Alitaka kujua kwa nini Bogoro na si upande mwingine. Nilimjibu kwamba wakati ukifika ataelewa. Akaondoka mbio, bila abiria.

Jumatano, 9 Julai

Mbuzi nimemwuza. Nani angemlisha? Sylvie alipokwenda misa, nilizika redio na diploma zangu nyuma ya jiko, wezi wasivione tukiwa mlimani. Kwa bahati mbaya, jirani yetu wa upande wa pili, Mama Domitille, alichungulia juu ya uzio nikiwa na jembe mkononi. "Papa Prefe, kuko nini?" Nilisimama wima. Nilimhakikishia, kwa sauti ya kutuliza, kwamba hakuna kitu chochote, akae kwa amani, na asimwambie mtu. Akafanya ishara ya msalaba. Mama mcha Mungu kweli.

Jioni Liévin naye anachimba nyuma ya jiko lake. Mwigaji! Hata shimo!

Alhamisi, 10 Julai

Unga umekwisha sokoni. Nilijipongeza kwa kuona mbali. Magodoro yanapita juu ya vichwa, yakitoka mtaa wa Rwambuzi. Liévin anapakia pikapu yake. Nilimwuliza, kwa ubaridi unaostahili, anakwenda wapi. "Kwenye weye unaenda, Prefe! Unawaza siye hatuna macho?" Siri imevuja! Atanitangulia mlimani na kuchukua mahali pazuri!

Ndipo Sylvie akaingia akihema, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Vita inakuya, alisema, Saio yote inatoka. Nikamwuliza nani amethibitisha. Alijibu kwamba mkubwa mmoja wa mtaa, mtu wa masomo, ameonekana akizika karatasi zake.

Nilinyakua turubai. Mtu mwenye busara kiasi hicho hazuki tu akazika karatasi! Tukakimbia na pikapu ya Liévin. Kwa neema ya Mungu, mizigo ilikuwa tayari.

Ijumaa, 11 Julai

Tumelala mbele ya Bogoro, mahali nchi inaposhuka kuelekea ziwa. Chini ya turubai letu walijibana wajukuu wote wa Mama Domitille. Hakuna risasi iliyosikika. Asubuhi Fiston alifika kutoka mjini: Bunia ni kimya, wanajeshi wanacheza karata. Watu wakaulizana habari ilianzia wapi. Mama Domitille akataja jembe. Muuzaji akataja kamba. Fiston akataja barabara. Wote wakanigeukia. Niliwaeleza mpango wangu kwa utaratibu, tangu utangulizi.

Liévin alicheka mpaka akaketi chini. "Kumbe vita ni weye!"

Sylvie hakucheka. Alitazama ziwa kwa muda mrefu. Akaniuliza, taratibu, kwa nini sikumwambia tu. Nilimfahamisha kwamba furaha ya ghafula ingeharibika. Akafunga godoro lake, akalitupa kwenye pikapu ya Liévin, akakataa kupanda. "Kurudi nitatembea kwa miguu, pole pole. Hiyo ndiyo safari yangu. Na weye, Papa Firmin, usinifuate."

Jumamosi, 12 Julai

Sylvie aliingia jana jioni na Mama Domitille, viatu mkononi, vumbi hadi magotini. Walikuwa wanaimba. Wamesimama kila kijiji, wamekula mahindi ya kuchoma, wamekaa chini pasipo sababu yoyote. Sijamwona na uso ule tangu arusi yetu.

Nimefukua diploma. Zimelowa maji ya jikoni. Nimetafakari kwa kina, kama ipasavyo, na kosa nimeliona: uzio ni mfupi. Mwakani utapandishwa, na shimo litachimbwa ndani, chini ya kitanda. Sylvie hatajua lolote.

Nimepita kwa muuzaji kuulizia kamba imara zaidi. Kabla sijafungua mdomo, alikuwa anafunga duka.

Mvivu kabisa!