Kiti cha Birika

Jumatatu, 4 Agosti

Noah ya Mchungaji Nehemiya imegoma kupanda mlima. Klachi za ndani ya giaboksi zimeungua. Nimemwambia aniachie mimi. Jumamosi gari hilo lazima limpeleke binti yangu Liliane kanisani Kabingo, maana mama mkwe wake, Bernardine, ameshatangaza kwamba kwao bibi harusi hapandi pikipiki. Mchungaji akauliza kama si afadhali tumwite Salvator. Salvator! Yule fundi wa ng'ambo ya barabara, kila neno "kwetu Bujumbura". Nimekataa. Giaboksi ya otomatiki sijawahi kufungua, lakini chuma ni chuma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda Mbarara kununua pleti mpya za klachi. Kurudi, nani ananisubiri? Salvator. Ati pleti zilowekwe kwanza kwenye mafuta ya gia, kisha zipangwe moja nyeusi, moja ya chuma, hadi mwisho. Nani kamuuliza? Hata kama nilitaka kuziloweka, sasa basi. Zitaingia kavu!

Jumatano, 6 Agosti

Kichwa kinaniuma kwa hasira. Nilizipanga pleti zote mkekani kwa mpangilio wake, nikaenda kunywa maji. Kurudi, mke wangu Kankindi ameziosha kwa sabuni na kuzipanga kama vyombo vya kabatini: nyeusi peke yake, za chuma peke yake. Ati hakuna fasi ya wageni wa harusi kukaa. Nimefoka mpaka kuku wakahama. Nitazipanga upya kwa kichwa. Fundi hasahau.

Alhamisi, 7 Agosti

Giaboksi imefungwa! Imebaki pleti moja nyeusi. Nimewaza sana. Muuzaji wa Mbarara kaniongezea ya akiba, muungwana yule. Ni duara zuri, lina tundu katikati. Nimeweka birika la chai juu yake. Limekaa sawasawa.

Ijumaa, 8 Agosti

Kankindi kamkaribisha Salvator chai. Kwangu! Kainua birika, katazama chini yake, kalirudisha taratibu. Kauliza kama gari limeshajaribiwa. Nimemjibu gari zuri halijaribiwi.

"Mzee," akasema, "hiyo si ya birika. Tufungue leo, tutawahi."

Nimemwonyesha mlango. Wivu utamuua.

Jumamosi, 9 Agosti

Noah inatembea. Kinyumenyume. Mbele, ng'o! Inanguruma tu. Nimemwambia Liliane apande, barabara ya Kabingo ni ileile. Amesimama na gauni lake jeupe.

"Baba, mimi siolewi kinyumenyume."

Akapanda pikipiki ya Salvator! Nimewafuata kwa rivasi, shingo imepinda, watoto wa njia nzima wakinishangilia. Nilipofika wameshavishana pete. Bernardine hakunisalimia. Aliyemshika mwanangu mkono kuingia kanisani ni Salvator. Nimetoa machozi. Ni shingo tu.

Jumapili, 10 Agosti

Mchungaji amepeleka Noah kwa Salvator. Kankindi amempelekea na ile pleti, bila kuniuliza! Ati Salvator tayari ameiloweka.

Sasa birika linaunguza meza. Haikubaliki. Bahati nzuri Musoni, mgeni wetu wa harusi kutoka Mbarara, analalamika kwamba Premio yake inavuta polepole mlimani. Nimemwambia ailete kesho.