Mama Mkwe Anaaga

Jumatatu, 3 Juni
Nyundo amesambaa! Huyu jirani yangu, fundi makochi mwenzangu, mtu asiyeweza kuvuta kitambaa bila kuacha mkunjo! Kuku kaingia karakanani kwake, kapanda kochi jipya, katulia, kataga. Nyundo akarekodi kwa simu, akairusha video mtandaoni. Sasa kila mtu anacheka na hilo yai, na wateja wamejaa mlangoni kwake. Mlangoni kwangu umejaa upepo.

Mke wangu amesema kwa upole, ule upole wake unaotisha, kwamba nisipopata kazi kabla ya mwezi kwisha, nifunge karakana nikabebe maboksi kwenye stoo ya kaka yake. Shemeji! Mtu anayeniita bwana mdogo na nimemzidi umri! Nimeapa kwamba wiki hii nami nitasambaa. Ameniuliza kama nina kuku.

Jumanne, 4 Juni
Nimefanya utafiti. Nimetazama video tangu chai ya asubuhi mpaka simu ikazimika. Hitimisho: watu humcheka aliyeanguka. Mzee kaanguka na ndoo. Bwana harusi kaanguka na keki. Kuku wa Nyundo alibahatisha tu, na kubahatisha si kipaji.

Kesho naanguka.

Jumatano, 5 Juni
Nimeanguka. Mara ya kwanza mpiga picha wangu, yaani mke wangu, alikuwa hajabonyeza. Mara ya pili kidole chake kiliziba kila kitu. Ya tatu, safi kabisa! Kutoka juu ya kochi hadi kwenye ndoo ya gundi, kutoka kwenye gundi hadi kwenye rundo la pamba. Nimeinuka mweupe kama kondoo.

Mke wangu hakucheka. Anasema nilikuwa nachungulia pa kuangukia. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni
Waliotazama: tisa. Saba kati yao ni mimi. Wa nane ni shemeji, ameandika "pole". Wa tisa ni Nyundo, ambaye amekuja mwenyewe kunijulia hali, na akaleta yai! La yule yule kuku! Nimelikataa kwa heshima zote. Mke wangu amelipokea na kulikaanga.

Ijumaa, 7 Juni
Siku imeharibika. Nilipanga kuanguka kutoka kwenye ngazi, mara hodi, mama mkwe. Sanaa ikasimama.

Alipomaliza chai akasema, "Haya wanangu, mimi niende." Nikasimama haraka, pengine haraka mno. Akasema ngoja kwanza, hajatuambia habari ya bomba la jirani. Akakaa. Akasimama. Tukafika mlangoni, na mlangoni ndipo alipokumbuka wagonjwa wote wa ukoo. Mimi mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine umeshika mkoba wake, meno yote nje: ndiyo mama, kweli mama, poleni mama. Akavaa kiatu kimoja, akaanza ugomvi wa mjomba na kabati. Nikabadilisha mguu. Nikabadilisha mkono. Mwisho nikatoka nje mimi mwenyewe na mkoba, ili anifuate. Hakunifuata! Alibaki ndani akiendelea kuniaga, ikabidi nirudi kuitikia.

Mke wangu alikuwa kwenye kona na simu yake, mabega yanamtetemeka. Nilidhani anamlilia mama yake.

Jumamosi, 8 Juni
Kumbe alikuwa anarekodi! Kairusha kwenye kundi la familia, dada yake kaitupa kwa mashoga zake, na leo asubuhi muuza mkate ameniuliza kama mama ameshatoka mlangoni. Wanaandika hata watu ambao lugha yao sijui isomwe kuanzia upande gani. Simu inatutafsiria. Wote wanasema jambo moja: huyo ni mama yangu, na huyo mwenye mkoba ni baba yetu. Mmoja kakiri hajaelewa neno hata moja, ila amejua kabisa nani anataka kwenda kulala.

Mke wangu anasema siri ni hiyo. Mtu anapotuma video anamwambia mwenzake, tazama, hata kwa wenzetu wako hivi. Kuku naye alipendwa kwa sababu sote tumekua tukifokewa tusikalie kochi la wageni, halafu yeye kalikalia na yai juu! Si mawazo mabaya kwa mtu asiye mtaalamu. Mimi nimeirudia mara nyingi na jibu ninalo. Ni shati. Bluu inanikaa.

Jumapili, 9 Juni
Niliogopa mama mkwe amekasirika. Wapi! Amekuja amejipamba, anasalimiwa barabarani kama waziri. Nimemwomba tupige nyingine, nikampa maelekezo: aage, ageukie dirisha kwenye mwanga, halafu mimi nianguke.

Akatengeneza mtandio. Akaitazama simu. Akasema kwaherini, akaondoka. Akaondoka kweli! Mke wangu anasema hajawahi kuona jambo hilo tangu azaliwe. Mimi nilikuwa nimeshaanguka.

Jumanne, 11 Juni
Wateja! Foleni! Lakini hawataki makochi. Wanataka kibenchi cha kuweka mlangoni, cha kukalia mgeni anapoaga. Nimewaambia hapa ni karakana ya kazi nzito, vibenchi waende kwa Nyundo. Mke wangu akanivuta kando kwa sikio, akaniuliza kama ovaroli ya stooni nitanunua mwenyewe au nitapewa na kaka yake. Kisha akarudi kwa wateja, akasema fundi anapenda utani, akapokea kazi zote.

Ijumaa, 14 Juni
Karakana imepona. Mbao zimejaa mpaka uani, na Nyundo nimempa sehemu ya kazi maana peke yangu siwezi. Shemeji naye kaagiza kibenchi, na kwa mara ya kwanza kaniita fundi. Nilifurahi, sifichi.

Mke wangu akaniuliza, basi nimejifunza nini. Nimemweleza taratibu, kama mtu anayemwelewesha mgeni: wateja wamekuja kwa sababu ya ile video ya gundi na pamba. Umma ulihitaji siku chache tu za kuielewa. Na kama kuanguka kutoka kwenye kochi kumeleta haya yote, fikiria kuanguka kutoka kwenye paa! Akaenda kumpigia mama yake.

Nami nimempigia shemeji, nimemwomba ngazi yake ndefu. Ameuliza ya nini. Nimemwambia ataona kwenye simu, kama watu wote.