Vioo vya Mwalimu Evelina

Malimi hakuwahi kukata kioo hata kimoja maishani mwake, lakini kadi zake zilisema ni Mtaalamu wa Vioo, Kanda ya Ziwa, na watu huheshimu kadi. Akiwa kwa kinyozi pale Kirumba, alisikia kwamba mwalimu mstaafu wa fizikia kule Kiseke ana madirisha yenye upako usioonekana, unaopitisha mwanga na kuzuia joto. Ilisemekana vimetoka Ulaya, kimoja bei ya vitatu vya Dar es Salaam, na viko kwa mama mzee anayeishi peke yake! Aliondoka kabla hajamaliziwa upande wa kushoto.

Alifika saa tatu asubuhi. Sebule ilijaa mwanga, na ilikuwa na ubaridi kama wa kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Malimi akagonga kioo kwa kucha, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Upako umekufa, mama. Ubaridi huu ni wa kuaga. Baada ya wiki mbili jua la jioni litakukausha humu kama dagaa."

"Sasa nifanyeje?"

"Nitakuwekea vipya bure. Hivi vilivyokufa nitavitupa mwenyewe, maana vina sumu."

Mwalimu Evelina akashukuru sana. "Ila nitavijaribu kwanza hivyo vipya," akasema. "Ni mazoea ya kazi tu."

Malimi akaleta kioo cha kawaida. Mwalimu akatia kijiko cha siagi ndani ya boksi, akalifunika kwa kile kioo, akaliweka juani. Siagi ikawa mafuta. Malimi akaleta kioo cheusi. Siagi ilichelewa kuyeyuka, lakini mwalimu alipokishika mbele ya gazeti hakuona hata kichwa cha habari.

"Hiki kitanifanya niwashe taa saa sita mchana. Kirudishe."

Malimi akauza pikipiki yake, akaagiza Dar es Salaam vioo vyenye upako wa kweli. Siagi ikabaki siagi, gazeti likasomeka. Fundi akavifunga, na Malimi akavipeleka vile vya zamani kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai, mpaka Mkolani kwa Hellen, muuza vioo.

Hellen akakitazama kimoja tu. "Hiki ni cha kawaida. Nilimuuzia Mwalimu Evelina mimi mwenyewe mwaka juzi. Asubuhi kwake pazuri, jioni jua likigeukia ziwani ni tanuri."

"Na upako?"

"Habari za upako kazieneza yeye, mwezi mzima. Aliniomba nisimkanushe."

Malimi alirudi Kiseke saa kumi na moja jioni. Jua lilipiga madirisha moja kwa moja. Ndani, mwalimu alikuwa akisoma bila taa, kanga mabegani.

"Mwalimu, vile vioo havikuwa na upako."

"Si ulisema umekufa?"

Malimi akajipangusa uso kwa kiganja.

"Tena ulisema vina sumu," mwalimu akaendelea kwa upole. "Natumaini hukumpelekea mtu umuuzie, maana hiyo ni kesi. Kaa unywe chai, baba. Mbona unatoka jasho, na humu ndani hakuna joto?"