Punda Gaabow Aota Ndevu

Jumamosi, 2 Machi 1996. Garissa.
Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Abti Abdow, kaka yake mama, hakisomi. Ukumbi wa video ni wake, kazi yangu ni kutafsiri filamu. Leo watazamaji saba, wawili wamelala. Abti akasema ukumbi usipojaa kufikia Ijumaa, nitaenda Griftu kuchunga ngamia wake. Ngamia! Hawanipendi, nami nawaogopa.

Jumapili, 3 Machi.
Nimepata wazo! Kila mwenye ndevu mjini hapa alikua akitazama kanda ya Punda Gaabow. Punda mdogo wa katuni, hubeba maji, hasemi uongo. Lugha ya kanda hiyo hakuna anayeijua. Marehemu Mzee Mowlid aliitafsiri miaka kumi bila kuelewa neno. Basi nami nitaitafsiri upya, kwa watu wazima. Picha zilezile, maneno mapya. Gaabow amekua, anatafuna miraa, amemwacha mkewe, na maji anayouza anayachota pale mbuzi wanapooga. Maisha halisi. Mimi ni hodari sana.

Jumatatu, 4 Machi.
Baada ya alasiri ukumbi ulifurika! Wachuuzi wa maji waliegesha mikokoteni yao nje. Punda watatu kati ya wale wanaitwa Gaabow. Ilinipasa kulifikiria hilo mapema.

Kwenye talaka, kimya. Kwenye miraa, minong'ono. Kwenye maji ya mbuzi, nikarushiwa kandambili ya kwanza. Nilihesabu kumi na moja, zote za kushoto, sijui walipatana lini. Osob, anayeuza chai mlangoni, alilia machozi. Akanipigia kelele, "Gaabow si mtu ya kuchezewa!" Nikamweleza kwamba ni punda. Hapo mambo yakaharibika zaidi.

Jumatano, 6 Machi.
Hakuna maji. Wachuuzi wamegoma kuleta hata debe moja nyumbani kwa Abti. Osob naye hanipi chai. Kabla ya swala Abti ametayamamu kwa udongo huku akinitazama. Nimeteka maji mtoni mwenyewe, safari nne. Njiani nilikutana na Ayanle, mkubwa wa wachuuzi. Hakunisalimu. Punda wake pia aligeuza uso.

Alhamisi, 7 Machi.
Maslaha ukumbini, wazee watatu wa kutupatanisha. Mzee Ahmednoor akauliza aliyetukanwa ni nani. Akajibiwa ni Gaabow. Akauliza ndugu zake wako wapi, wapokee radhi. Nilicheka kimoyomoyo. Punda wa katuni ana ukoo gani? Kesi imekwisha!

Ayanle akasimama, akasema yeye ni ndugu yake. Osob akasimama. Kisha ukumbi mzima, pamoja na watu wa koo ambazo mwezi uliopita hazikupeana hata salamu. Abti naye akasimama. Nikabaki nimekaa peke yangu, na iliniuma. Hata mimi nililia Gaabow alipopotea jangwani. Nilikuwa na miaka tisa. Sikulisema hilo.

Uamuzi: nichinje kondoo, na kesho nimwombe Gaabow radhi mbele ya runinga.

Ijumaa, 8 Machi.
Baada ya swala watu walijaa hadi dirishani. Abti akaninong'oneza kwamba nikimaliza salama, habari ya Griftu imekwisha. Kanda ikasimamishwa, Gaabow akawa anatetemeka kwenye kioo. Nikaomba radhi, tena kwa maneno mazuri. Osob alifuta macho. Mzee Ahmednoor akauliza kama Gaabow amekubali. Kumjibia ni kazi ya mtafsiri, nikasema amekubali.

Ningenyamaza hapo. Lakini ukumbi umejaa, na wote wananisikiliza mimi! Nikaongeza kwamba amekubali kwa sharti moja tu: aozwe dada yake Ayanle.

Safari hii zilikuja na za kulia.

Jumapili, 17 Machi. Griftu.
Ngamia arobaini. Bado hawanipendi. Alasiri Naimo, mke wa mchungaji mkuu, aliwasimulia watoto hadithi ya mbuzi mdogo aliyepoteza kengele yake. Watu wazima nao walitega sikio, wakitabasamu. Nilingoja amalize. Kisha nikawauliza wakubwa kama wangependa kujua yaliyompata mbuzi yule baada ya kuolewa.

Huku hawavai kandambili. Wanavaa viatu vya tairi la lori.

Nadhani kosa lilikuwa kuanza na talaka. Kesho nitaanza na miraa.